Maestro, Tone Bender, Fuzz Face au Big Muff: Saketi Ipi ya Fazi Ikufae?

Pedali za fazi, yaani viboksi vya kukanyaga vinavyoikwaruza sauti ya gitaa la umeme, zinazouzwa leo ni nyingi kiasi cha kumchanganya mtu, lakini ukizifungua na kuufuata mchoro wa ndani utaona kwamba sehemu kubwa yake ni wajukuu wa saketi nne zilizobuniwa kati ya 1962 na 1969. Iwe unakusudia kununua pedali iliyotumika, kuagiza nakala mpya kutoka nje, au kumpa fundi kazi ya kukuundia moja kwa spea za Luthuli Avenue na River Road jijini Nairobi, swali la kwanza si la chapa wala la rangi ya boksi. Ni la saketi: ipi kati ya hizo nne itapatana na gitaa lako, na pedali ulizo nazo tayari, na bendi unayopigia.

Vigezo vya kulinganisha

Fazi ya aina yoyote hufanya jambo moja: hulikuza wimbi linalotoka kwenye gitaa kupita uwezo wa saketi yenyewe, mpaka vilele vyake vikatwe na wimbi lianze kukaribia umbo la mraba. Kukatwa huko ndiko kunakozaa hamoniki nyingi zinazosikika kama mkwaruzo, na ndiko kunakoifanya noti idumu, kwa kuwa kilele kilichokatwa hakipungui ukubwa mpaka noti yenyewe iwe imefifia sana. Kigezo cha kwanza basi ni muundo, yaani hatua za ukuzaji ni ngapi, zimeunganishwaje, na ni kitu gani kinachokata kilele.

Kigezo cha pili ni vipuri. Saketi za mwanzo zilitumia transista (kipuri kinachokuza mkondo) za gerimani, ambazo viwanda vingi viliacha kuzitengeneza miongo mingi iliyopita, ilhali za silikoni zimejaa madukani na bei yake ni ndogo.

Cha tatu ni joto na umeme. Transista ya gerimani huvuja: hupitisha mkondo kidogo hata pale ambapo haijaamrishwa kupitisha chochote, na uvujaji huo huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda kwa digrii 10. Watu husema Nairobi haina joto, na ni kweli ukiilinganisha na Mombasa, lakini asubuhi ya Julai ndani ya ukumbi wa mawe na jukwaa la wazi la Februari saa nane mchana, jua likipiga moja kwa moja kwenye boksi la chuma, ni mazingira mawili tofauti kabisa kwa transista hiyo.

Cha nne ni uhusiano wa pedali na kilicho mbele yake: gitaa, nobu ya sauti ya gitaa, na pedali nyingine. Kwa maoni yangu hiki ndicho kigezo kinachopuuzwa zaidi, na ndicho kinachowafanya watu wengi wauze pedali nzuri kabla hawajaielewa.

Cha tano ni jinsi sauti inavyokaa ndani ya bendi, na hapa kuna jambo linalomhusu hasa mpigaji wa kwetu. Aliyelelewa na benga au rumba amezoea kupiga nyuzi mbili pamoja, noti ya kwanza na ya tatu, au ya kwanza na ya sita. Saketi inayokata vilele haizikuzi noti hizo mbili kila moja peke yake. Huzaa pia noti ya ziada ambayo mtetemo wake ni tofauti kati ya zile mbili. Chukua noti ya la (A) ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, na noti yake ya tatu, ambayo katika gitaa lililotyuniwa kawaida huwa hezi 554.4. Tofauti yake ni hezi 114.4, na la ya chini iliyo karibu nayo zaidi ni 110. Kwa hiyo unapata mngurumo ulio nje ya tyuni chini ya wimbo wako. Piga la hiyohiyo pamoja na noti ya tano, hezi 659.3, na tofauti inakuwa 219.3, ambayo inakaribia sana la ya 220, na sauti inasimama imara. Ndiyo sababu wanarock hupiga kodi za noti mbili tu, ya kwanza na ya tano. Hakuna saketi kati ya hizi nne inayokwepa kanuni hiyo, ila zinatofautiana katika ukali wake na katika njia unayopewa ya kuupunguza.

Maestro FZ-1

*Muundo.* Chanzo chake ni hitilafu. Katika studio moja ya Nashville, chaneli ya mashine ya kuchanganyia sauti iliharibika wakati Grady Martin akirekodi gitaa la besi kwa ajili ya wimbo wa Marty Robbins uliotoka 1961, na sauti ile ya mkwaruzo ikaachwa ndani ya rekodi. Fundi mitambo Glenn Snoddy, akishirikiana na Revis Hobbs, aliiga sauti hiyo kwa transista, na Gibson ikaanza kuiuza kwa jina la Maestro mnamo 1962. Ina transista tatu za gerimani na betri mbili za volti 1.5, yaani volti 3 kwa jumla; toleo la FZ-1A lililofuata liliteremka hadi betri moja. Transista ya kwanza hupokea mawimbi bila kuyakuza, na mbili zinazofuata ndizo zinazokuza na kukata. Kwa kuwa volti ni chache mno, vilele hukatwa mapema, na transista zimepangwa kwa namna ambayo noti ikishuka chini ya kiwango fulani haipiti kabisa. Noti haififii polepole. Inakatika kama iliyozimwa kwa swichi.

*Vipuri.* Gerimani tatu ndizo kikwazo. Hazihitaji ukuzaji mkubwa, na hiyo ni nafuu, kwa sababu transista za kiwango cha chini zinazokataliwa na wajenzi wa Fuzz Face huweza kufaa hapa.

*Joto na umeme.* Hubadilika kwa joto kama gerimani zote. Betri zake zinapatikana katika kila kibanda.

*Gitaa na majirani.* Kwa sababu ya ile hatua ya kwanza, haiijali sana pedali iliyo mbele yake. Lakini usitarajie kuteremsha nobu ya gitaa ili upate sauti safi, kwa sababu utakachopata ni kimya.

*Bendini.* Ni nyembamba, ya puani, na ilikusudiwa kuigiza tarumbeta na saksofoni. Humfaa mpiga gitaa ambaye kazi yake ni mstari mfupi wa noti mojamoja unaojibizana na mwimbaji. Kodi usiijaribu.

Tone Bender

*Muundo.* Mnamo 1965 mjini London, Gary Hurst aliichukua saketi ya Maestro na kuipa volti 9 ili noti zidumu zaidi. Hiyo ndiyo Tone Bender ya kwanza. Mwaka uliofuata likaja toleo la transista mbili tu, ambalo mafundi huliita Mk 1.5, na baada yake Mk II, ambayo kwa kifupi ni zile transista mbili zilizoongezewa hatua moja ya ukuzaji mbele yake. Mk III, iliyokuja mwishoni mwa muongo huo, ni saketi nyingine tena na ina nobu ya kurekebisha sauti kali na nzito. Mnunuzi na azingatie hapo: jina ni moja, lakini saketi ni nne, na mtu anayekuuzia Tone Bender bila kukuambia ni toleo gani hajakuambia kitu. Kuanzia hapa ninazungumzia Mk II, kwa kuwa ndiyo inayotafutwa zaidi, nayo ndiyo Jimmy Page aliyoitumia katika siku za mwanzo za Led Zeppelin.

*Vipuri.* Hatua ya kwanza ya Mk II ina siri ambayo huwakwamisha wajenzi wengi. Beisi ya transista ya kwanza, yaani mguu unaopokea mawimbi, imeunganishwa na ardhi (waya wa pamoja wa saketi) kwa rezista ya kilo-omu 100, na hakuna rezista nyingine ya kuipa mkondo wa kuiamsha. Kinachoiamsha ni uvujaji wake mwenyewe. Ukiweka gerimani bora isiyovuja, au ukiweka silikoni bila kubadilisha chochote, hatua hiyo italala na sauti itatoka dhaifu, imekatikakatika. Kwa hiyo fundi anayechagua transista kwa kufuata kanuni ya kawaida, kwamba yenye uvujaji mdogo ndiyo nzuri, atakuwa anachagua kinyume. Za awali zilikuwa OC75 tatu, au OC81D. Transista za aina hiyo zimo ndani ya redio nyingi za zamani zilizowahi kulia katika nyumba za wazee wetu, na fundi wa redio mwenye umri huenda bado anazo kwenye mkebe. Za kuagiza mtandaoni zikaguliwe kwa makini, maana kuna wanaofuta maandishi ya transista nyingine na kuchapa juu yake namba inayotafutwa.

*Joto na umeme.* Kama hatua ya kwanza inaishi kwa uvujaji, na uvujaji unafuata joto, basi Mk II ndiyo inayobadilika kwa hali ya hewa kuliko zote nne. Pia transista zake ni za PNP, aina ambayo mkondo wake huenda kinyume na ile ya NPN, na upande chanya wa betri ndio ulioungwa na ardhi, kinyume na pedali nyingi za kisasa. Maana yake nitaieleza chini ya Fuzz Face.

*Gitaa na majirani.* Ukuzaji ni mwingi kiasi kwamba nobu ya gitaa husafisha sauti kwa kiasi kidogo tu. Haipendi pedali yenye bafa (hatua inayopitisha mawimbi bila kuyakuza na kulitenga gitaa na kinachofuata) mbele yake, ingawa haidhuriki vibaya kama Fuzz Face.

*Bendini.* Hapa ndipo inapolipa gharama yake. Sauti za kati zimejaa, noti hudumu, na makali yake hupenya ngoma na kinanda bila kuongeza sauti ya amplifaya. Humfaa mpigaji anayetaka solo ndefu na anayejua kwamba atakuwa ndani ya fazi muda wote wa kipande hicho.

Fuzz Face

*Muundo.* Arbiter wa London walianza kuiuza mwaka 1966, ndani ya boksi la mviringo lililochukua umbo la kitako cha stendi ya maikrofoni. Ndani yake hamna mambo mengi: transista mbili, rezista nne, kapasita tatu na nobu mbili. Toleo la gerimani lilitumia NKT275, na Jimi Hendrix ndiye aliyelitangaza jina lake kuliko tangazo lolote. Inakaribiana sana na Tone Bender Mk 1.5.

Uchache wa sehemu usikudanganye, kwa kuwa kila sehemu inafanya kazi mbili au tatu. Kolekta na emita ndiyo miguu miwili mingine ya transista. Kolekta ya transista ya kwanza imeungwa moja kwa moja na beisi ya pili, bila kapasita katikati, na kutoka kwenye emita ya pili rezista ya kilo-omu 100 inarudi hadi beisi ya kwanza. Rezista hiyo hupanga volti za transista zote mbili, na wakati huohuo hurudisha sehemu ya sauti nyuma ili kuzuia ukuzaji. Nobu ya fazi, yenye kilo-omu 1, iko kwenye emita ya pili pamoja na kapasita ya mikrofaradi 20. Ukiizungusha hadi mwisho, sauti ile inayorudi hupotelea ardhini kupitia kapasita, breki inaachiwa, na saketi inakwenda mbio. Kisha kwenye kolekta ya pili kuna rezista mbili zilizofuatana, omu 470 na kilo-omu 8.2, na sauti ya kutokea inachukuliwa pale zinapokutana. Piga hesabu: 470 kati ya 8,670 ni kama sehemu moja kwa kumi na nane. Saketi inapiga kelele ya volti kadhaa ndani, lakini inakupa kipande chake kidogo, kinachotosha kuisukuma amplifaya bila kuipasua.

*Vipuri.* Gerimani mbili, lakini zilizochaguliwa. Wajenzi wengi hulenga ukuzaji (mara ambazo transista huukuza mkondo) wa takriban 70 hadi 80 kwa ya kwanza na 110 hadi 130 kwa ya pili, na AC128 hutumika mara nyingi badala ya NKT275. Tatizo ni kwamba mita ya kawaida huhesabu uvujaji kana kwamba ni ukuzaji. Kipimo cha kuaminika ni hiki: unga emita ya transista ya PNP kwenye chanya ya betri ya volti 9, na kolekta kwenye hasi kupitia rezista ya takriban kilo-omu 2.47, beisi ikiwa huru. Soma volti kwenye rezista hiyo. Huo ndio uvujaji. Sasa unga beisi kwenye hasi kupitia rezista ya mega-omu 2.2, usome tena. Toa usomaji wa kwanza kutoka wa pili, kisha zidisha kwa 100. Mathalani ukisoma 0.45 na kisha 1.30, ukuzaji wa kweli ni 85. Asiyetoa uvujaji angesema ni 130 na kuiweka transista hiyo katika nafasi ya pili, isikostahili.

Lipo toleo la silikoni pia, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, likiwa na transista kama BC183L, BC108 na BC109. Hizi zinapatikana, haziyumbi, na ukuzaji wake ni wa mamia. Bei yake ya siri ni kwamba sauti inakuwa kali zaidi, yenye ncha, na saketi huweza kunasa stesheni ya redio kati ya nyimbo. Kapasita ndogo ya pikofaradi mia moja hivi kati ya kolekta na beisi hutuliza mambo yote mawili.

*Joto na umeme.* Katika toleo la gerimani, kolekta ya pili inatakiwa isimame karibu na volti 4.5, nusu ya betri, ili wimbi likatwe vizuri pande zote mbili. Weka mita hapo, kisha ishike transista ya kwanza kwa vidole viwili bila kugusa miguu yake, na utaziona namba zikianza kuhama kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Hayo ni mabadiliko ya joto la mwili tu. Jukwaani alasiri, sauti iliyokuwa nono nyumbani huanza kukatika na kutema mate. Mafundi wengi hubadilisha ile rezista ya kilo-omu 8.2 kuwa ya kurekebishwa kwa bisibisi, ili mpigaji airudishe volti mahali pake kabla ya onyesho. Mimi ningelifanya hilo sharti kwa yeyote anayepiga nje.

Kuhusu umeme, kwa kuwa ardhi yake iko upande chanya, adapta moja yenye waya wa matawi mengi haiwezi kuilisha pamoja na pedali za kawaida. Pale waya za gitaa zinapokutana, chanya na hasi za adapta zitakuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Tumia betri, au adapta yenye matokeo yaliyotenganishwa. Betri wala si hasara, kwani saketi nzima hunywa chini ya miliampea 1, kwa hiyo betri moja hukaa miezi, na stima ikipotea pedali haijui. Chomoa tu waya wa gitaa ukimaliza, maana tundu hilo ndilo swichi yake. Toleo la silikoni lenye transista za NPN halina shida hii ya ardhi.

*Gitaa na majirani.* Ile rezista inayorudi nyuma hufanya ukinzani wa mwingilio uwe mdogo sana, kilo-omu chache, na kwa hiyo koili za pikapu, vile vinasa-sauti vilivyo chini ya nyuzi za gitaa, zinakuwa sehemu ya saketi. Teremsha nobu ya gitaa kidogo tu, na fazi inageuka kuwa sauti angavu, safi, inayong'aa kuliko gitaa bila pedali. Hilo ndilo jibu bora zaidi kwa lile tatizo la noti ya tatu na ya sita: mpigaji wa nyuzi mbili huweza kuteremsha hadi 6 au 7 akipiga mapambo yake, kisha akapandisha hadi 10 kwa mstari wa noti mojamoja, bila kugusa pedali kwa mguu. Big Muff haimpi nafasi hiyo hata kidogo.

Lakini uhusiano huohuo ni mwepesi kuvunjika. Weka mbele yake pedali yenye bafa, mashine ya athari nyingi, au kifaa cha gitaa bila waya, na koili hazionekani tena kwa saketi. Sauti inakuwa kavu, na nobu ya gitaa inaacha kusafisha. Ikitanguliwa na pedali ya wah, mara nyingi hupiga mluzi. Fuzz Face inataka iwe ya kwanza, na waya wake utoke moja kwa moja kwenye gitaa. Nobu ndogo ya kilo-omu 50 iliyofuatanishwa kwenye mwingilio husaidia kiasi pale ambapo bafa haiepukiki, ila si dawa kamili.

*Bendini.* Ina sauti nzito nyingi chini, na ikiwa fazi imefunguliwa yote juu ya amplifaya safi, huweza kuzama ndani ya gitaa la besi. Inapendeza zaidi amplifaya ikiwa tayari karibu na kukwaruza yenyewe. Humfaa anayepiga kwa vidole vyenye nguvu tofautitofauti na anayependa kusikia tofauti hiyo ikitoka.

Big Muff Pi

*Muundo.* Mike Matthews na Bob Myer waliitoa mjini New York mwaka 1969 chini ya jina la Electro-Harmonix, nayo haikufuata nyayo za wenzake. Ina hatua nne za silikoni. Ya kwanza hukuza tu. Ya pili na ya tatu zinakuza na kukata, lakini si transista inayokata: kila moja ina jozi ya dayodi zilizogeuziana migongo katika njia ya kurudisha sauti nyuma, na dayodi hizo huanza kupitisha wimbi linapofika takriban volti 0.6, upande wowote. Kukata mara mbili mfululizo, tena kwa ulaini, ndiko kunakoleta ile sauti nzito inayodumu kana kwamba noti haitaki kufa. Hatua ya nne hurudisha nguvu iliyopotea katika saketi ya nobu ya toni.

Nobu hiyo ya toni ndiyo inayoipa Big Muff sura yake. Ni njia mbili zinazochanganywa: moja hupitisha sauti nzito, nyingine sauti kali. Katika mmojawapo wa michoro ya kawaida, njia nzito ina kilo-omu 39 na nanofaradi 10, nayo huanza kupunguza juu ya hezi 408 hivi. Njia kali ina nanofaradi 4 na kilo-omu 22, nayo huanza kupunguza chini ya hezi 1,800. Kati ya namba hizo mbili hakuna njia inayopitisha vizuri, kwa hiyo nobu ikiwa katikati kunakuwa na shimo karibu na hezi 1,000. Matoleo yametofautiana mno katika thamani za sehemu, na mwishoni mwa miaka ya 1970 likatoka hata la op-amp (chipu moja ya kukuza) badala ya transista, lakini shimo lilibaki kuwa alama ya ukoo.

*Vipuri.* Hapa hakuna cha kutafuta. Transista za silikoni zenye ukuzaji mkubwa kama BC549 au 2N5088, na dayodi nne za 1N914 au 1N4148, zote ni spea za kawaida. Sehemu ndogondogo ndizo nyingi, na anayelehemu kwa mara ya kwanza atachoka.

*Joto na umeme.* Jua la Februari haliisumbui. Ardhi iko upande hasi, kwa hiyo inakaa kwenye adapta moja na wenzake.

*Gitaa na majirani.* Bafa haiidhuru, pikapu zozote zinaifaa, na inaweza kukaa popote kwenye mstari. Upande wa pili wa sifa hiyo ni kwamba magitaa mawili tofauti hutoka yakifanana, na ukipiga kwa upole au kwa nguvu jibu ni lilelile. Kwa ukuzaji wa hatua nyingi vile, mchirizo wa kelele husikika pia unaponyamaza.

*Bendini.* Hilo shimo la hezi 1,000 liko pale ambapo sikio huitafuta gitaa kati ya vyombo vingine. Ukiwa peke yako chumbani, sauti inajaa ukuta hadi ukuta. Ukiingia kwenye bendi yenye kinanda, ngoma na waimbaji watatu, unaweza kujiona ukipiga bila kusikika. David Gilmour, aliyetumia Fuzz Face ya BC108 mapema miaka ya 1970 na Big Muff mwishoni mwa muongo huo, alikuwa na nafasi kubwa ya kupumua ndani ya muziki wake. Bendi ya watu watatu ina nafasi hiyo pia. Nalo gitaa la besi hunufaika, kwa kuwa sauti nzito haipotei.

Kuchagua kwa hali yako

Ukipiga kanisani au katika bendi ya kukodishwa, na gitaa lako linaingia kwanza kwenye kifaa cha bila waya au mashine ya athari nyingi, ziache gerimani zote mbili za London. Big Muff itafanya kazi, ila ipandishe nobu ya toni kupita katikati na uongeze sauti za kati kwenye amplifaya. Maestro nayo inawezekana, kama sehemu zako ni za mistari mifupi kati ya beti.

Ukiwa mpigaji wa benga au rumba unayetaka kuonja fazi bila kuacha nyuzi zako mbili, Fuzz Face ndiyo inayokupa nafasi ya kurudi kwenye usafi kwa kidole. Ianze mbele ya pedali zote, na kama huna subira ya kutafuta gerimani, chukua ya silikoni yenye kile kikapasita cha kutuliza. Kwa mistari ya noti mojamoja ya mtindo wa Zamrock, ambayo bendi za Zambia ziliujenga juu ya fazi katika miaka ya 1970, Tone Bender na Fuzz Face zote zinakubali; tofauti itakuwa ni kama unataka kuteremsha nobu katikati ya wimbo au la.

Ukiwa unarekodi nyumbani, ambako joto halibadiliki sana na unaweza kurudia kipande, Tone Bender Mk II ndiyo inayostahili usumbufu wake. Kwa maonyesho ya nje mchana, ningesita kuitumia.

Ukiwa unajenga kwa mara ya kwanza, anza na Fuzz Face ya silikoni: sehemu ni chache, kosa linaonekana upesi, na kila rezista unayobadilisha unaisikia. Iunde kwanza kwenye bredibodi (ubao wa majaribio) bila kulehemu, weka mita kwenye kolekta ya pili, na usiihamishie kwenye veroboadi (ubao wa kulehemu) kabla hujaipata volti 4.5.

Na kama kilicho mbele yako ni Fuzz Face ya gerimani iliyotumika, muombe muuzaji akuruhusu uijaribu kwa gitaa lako mwenyewe, waya mmoja tu kati yake na pedali, fazi ikiwa hadi mwisho. Teremsha nobu ya gitaa. Sauti ikisafika, transista ziko hai na zimepangwa vyema. Ikikatikakatika au ikizimika, fungua boksi muangalie pamoja kabla hamjataja bei.